Kawaida ya Nani? Damu na Presha ya Mimba Katika Vilima vya Chai

Mwaka 1929 The Lancet, jarida la madaktari la London, lilichapisha makala ya C. P. Donnison, daktari aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Waafrika huko Kavirondo Kusini. Huo ni upande wa Kisii, jirani kabisa na vilima vya Kericho ambavyo wakati huo ndiyo kwanza vilikuwa vikivishwa chai. Donnison alikuwa amepima presha watu wapatao 1,000. Akaongeza kwamba kwa karibu miaka miwili, kati ya wagonjwa 1,800 hivi wa hospitali ile, hakumwona hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Wa presha ya kushuka walikuwepo. Na wakati Ulaya presha ilizidi kupanda kadiri mtu alivyozeeka, watu aliowapima yeye walipovuka miaka 40 presha yao ilianza kuteremka.

Kwa siku zile ilikuwa kazi ya kusifiwa. Alipima, akahesabu, akaandika alichokiona. Tatizo ni kwamba hitimisho lilitembea mbali kuliko mashine yake. Presha ikapachikwa jina la ugonjwa wa ustaarabu, na Mwafrika wa kijijini akawekwa nje ya habari hiyo. Mjamzito hakuulizwa.

Mwaka huohuo wa 1929, Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa mwongozo wa kliniki za wajawazito. Mama aonekane wiki ya 16, ya 24 na ya 28, kisha kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 36, halafu kila wiki mpaka ajifungue. Ratiba ilibanwa mwishoni kwa sababu hapo ndipo presha ya mimba huchomoza, na ikichomoza haina subira. Nchi nyingi ziliifuata ratiba hiyo, au nakala yake, kwa zaidi ya miaka 70. Kwa hiyo mwaka mmoja ulizaa karatasi mbili: moja ikiagiza presha iwindwe kila wiki, nyingine ikidokeza kwamba kuna watu ambao kwao hakuna cha kuwinda. Mama wa Kiptere aliangukia kwenye karatasi ya pili.

Kiptere ni soko dogo upande wa Sigowet, kaunti ya Kericho, mahali ambapo nchi huanza kuteremka kutoka kwenye chai kuelekea Sondu na joto la ziwa. Ni nchi ya Wakipsigis, ila Sondu yenyewe ni soko la mpakani, Wajaluo na Wakipsigis wakiuziana nafaka na mifugo. Kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilipoingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, wachumaji wengi walitoka nje ya vilima, Gusii na nchi ya Wajaluo. Yaani watu walewale wa makala ya Donnison, sasa wakikaa kwenye nyumba za kampuni, wakila posho ya mgao na kulipwa kwa uzito wa majani.

Uhamaji wa namna hiyo ulikuja kupimwa baadaye, ingawa si Kericho. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 1990: presha za wahamiaji zilikuwa juu, na tofauti ilionekana mapema tu baada ya kuhama. Mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo. Damu ya watu haikuwa imebadilika rangi wala kabila. Kilichobadilika ni sufuria. Hapo "kawaida" ya mwaka 1929 ilipoteza heshima yake, na ilikuwa imeshaishi miaka 60.

Kifafa cha mimba, lakini, hakikungoja mjadala huo uishe. Mama mwenye mimba ya miezi minane anaumwa kichwa, anaona marueruwe, uso na mikono vinavimba, kisha anaanguka na kutetemeka mwili mzima. Kabla ya hospitali hakuna jamii iliyokosa maelezo yake, na mara nyingi maelezo hayo yaliegemea laana, hasira ya marehemu au jicho la mtu. Madaktari wa Ulaya hawakuwa na la maana zaidi hadi mwaka 1843, John Lever wa Hospitali ya Guy's, London, alipochukua mkojo wa wanawake waliopata degedege la uzazi na kuuchemsha. Ukaganda. Ile protini ambayo haikupaswa kuwa kwenye mkojo ilikuwa humo, na kwa wajawazito wasio na dalili haikuwepo. Mashine ya kupima presha mkononi ilikuja baadaye, ya Scipione Riva-Rocci mwaka 1896 huko Italia. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha jinsi ya kusikiliza mshipa kwa chombo cha masikioni huku hewa ikitolewa.

Mkojo na mkono. Hivyo viwili ndivyo vilivyofika vilimani, na vilifika polepole, kwa njia ya misheni na ya kampuni. Litein ilikuwa na misheni ya Africa Inland tangu miaka ya 1920. Tenwek, karibu na Bomet, ilianzishwa na World Gospel Mission mwaka 1937, na kwa zaidi ya miaka 20 mzigo wa matibabu ulibebwa na wauguzi. Daktari wa kwanza wa kudumu, Ernie Steury, alifika mwaka 1959. Kampuni za chai nazo zilikuwa na zahanati ndani ya mashamba na hospitali kubwa ya Brooke Bond Kericho, kwa ajili ya wafanyakazi na jamaa zao. Mkulima wa nje ya ua wa kampuni alikuwa na safari ndefu zaidi.

Hata leo, kliniki ya wajawazito huanzia palepale pa Riva-Rocci. Mama anakaa kwenye benchi mpaka mapigo yatulie, maana ametoka kupanda kilima. Sista anamfunga kitambaa juu ya kiwiko, anapuliza, anasikiliza. "Mama, kichwa hakikuumi? Huoni vitu vinametameta?" Namba zinaandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Kisha mama anapewa kikopo, na ukanda wa karatasi unachovywa kwenye mkojo. Kile kiraka cha protini ni cha njano. Kikigeuka kijani, na kijani kikielekea buluu, sista haongei sana tena. Anaanza kutafuta gari.

Damu iliingia katika hadithi hii mwaka 1917. Slemons na Bogert nchini Marekani waliripoti kwamba asidi ya yuriki ilikuwa juu kwenye damu ya wajawazito wenye tatizo hilo. Ilikuwa alama ya kwanza ya aina yake kupata jina, na madaktari wameibishania kwa miaka 100: wengine wanaiona mwamuzi, wengine wanaiona tarishi tu anayeleta habari kuwa figo zimechoka. Mwaka 1982 Louis Weinstein alikusanya sura mbaya zaidi ya ugonjwa chini ya jina moja, HELLP: chembe nyekundu zinavunjika, vimeng'enya vya ini vinapanda, na chembe za kugandisha damu zinapungua. Tangu hapo mjamzito mwenye presha akifika hospitali yenye maabara hutolewa damu kwenye chupa mbili au tatu, ya kifuniko cha zambarau kwa ajili ya hesabu ya chembe, nyingine kwa ajili ya ini na figo.

Hapa kuna mtego ambao mtu wa maabara anaujua na mgonjwa haujui. Mjamzito anaongeza maji ya damu karibu nusu ya aliyokuwa nayo, na figo zake zinachapa kazi kuliko kawaida, kwa hiyo kreatini hushuka. Kreatini ya mikromoli 90 kwa lita ni kitu cha kupuuza kwa kijana anayebeba magunia ya chai. Kwa mjamzito mwenye presha ni dalili ya hatari, figo zimeanza kulemewa. Lakini karatasi ya majibu haina macho. Ikiwa mashine imewekewa kipimo cha kawaida cha watu wazima wote, namba ile inatoka bila nyota wala alama yoyote, na daktari mwenye haraka anaigeuza karatasi upande wa pili.

Swali la kawaida ya nani liliulizwa Kericho kwenyewe, kwa sababu isiyohusu uzazi hata kidogo. Mradi wa Walter Reed, wa jeshi la Marekani ukishirikiana na taasisi ya KEMRI, ulikuwa ukijiandaa kwa majaribio ya chanjo ya Ukimwi miongoni mwa watu wa mashamba ya chai. Huwezi kujua chanjo imemdhuru mtu kama hujui damu yake ilikuwaje alipokuwa mzima. Mwaka 2008 Kibaya, Sawe na wenzao wakachapisha vipimo vya kawaida vya damu kutoka Kericho: watu hadi 1,541 kwa hesabu za chembe na kemia ya damu, na 1,293 kwa chembe za kinga. Baadhi ya vipimo havikulingana na vya Marekani, na wanaume na wanawake walitofautiana wazi katika chembe nyekundu na nyeupe. Ilikuwa heshima kubwa kwa mji mdogo wa chai kupata ukurasa wake katika sayansi ya damu. Ila tazama uwiano: wanaume walikuwa karibu wawili kwa kila mwanamke mmoja. Kwa chanjo ya Ukimwi hilo linaeleweka. Kwa kliniki ya wajawazito, ni kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mwingine.

Wakati Kericho ikihesabu chembe, Boston ilikuwa imefungua mlango mwingine. Ilikuwa imejulikana tangu kazi ya Brosens, Robertson na Dixon mwaka 1967 kwamba katika ugonjwa huu mishipa ya mji wa mimba inayolisha kondo haipanuki inavyopaswa. Kondo linakaa na njaa. Lakini njaa ya kondo inampandishaje mama presha? Mwaka 2003 Sharon Maynard, Ananth Karumanchi na wenzao walionyesha kwamba kondo la namna hiyo humwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1 kwa wingi kupita kiasi.

Wakulima wa Kericho wanawajua wachuuzi wa majani mabichi, wale wanaomsubiri mtu njiani na kuyanunua majani kabla hayajafika kiwanda cha KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo. sFlt-1 hufanya hivyo kwa protini mbili, VEGF na PlGF, ambazo kazi yake ni kuitunza ngozi ya ndani ya mishipa. Inazidaka kwenye damu, hazifiki. Mishipa inakakamaa, presha inapanda, figo zinavuja protini, ini linaumia, ubongo unavimba. Watafiti walipowapa panya wenye mimba sFlt-1, panya walipata presha na protini kwenye mkojo, na figo zao zikaharibika kama za mama mgonjwa. Kwa mara ya kwanza tangu chungu cha Lever mkojo ulipata maelezo, na maelezo yalikuwa kwenye damu.

Mwaka uliofuata Richard Levine na wenzake walizitoa kwenye majokofu damu za wajawazito wa Marekani waliokuwa katika jaribio la vidonge vya kalsiamu la miaka ya 1990. Waligundua kwamba sFlt-1 huanza kupanda takriban wiki tano kabla ya ugonjwa kuonekana, na PlGF hushuka. Wiki tano! Kwa mama anayeishi mwendo wa saa kadhaa kutoka kwenye chumba cha upasuaji, wiki tano ni muda wa kuuza ndama, kutafuta wa kukaa na watoto na kuhamia kwa shangazi aliye karibu na hospitali. Ndiyo maana alama hizi zina maana kubwa zaidi Sigowet kuliko London, ambako gari la wagonjwa liko mlangoni. Na ndiyo maana inakera kuona zilivyosambaa kinyume.

Maana zilisambaa hivi. Mwaka 2016 utafiti uliofanywa katika nchi 14 ulitoa namba ambayo wakunga wengi sasa wanaijua: uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF ukiwa 38 au chini yake, mama aliyeshukiwa ana uhakika wa zaidi ya asilimia 99 kwamba ugonjwa hautamfika ndani ya wiki moja. Ukizidi 38 mambo si mepesi hivyo. Ni zaidi kidogo ya theluthi moja tu waliougua ndani ya wiki nne. Kipimo hicho kinajua kutuliza kuliko kutabiri. Mwaka 2019 hospitali 11 za Uingereza zilionyesha kwamba daktari akipewa jibu la PlGF anafikia uamuzi kwa siku 1.9 badala ya 4.1. Mei 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha kipimo cha uwiano huo, kikitumia namba 40, baada ya kujaribiwa katika hospitali 18 za nchi hiyo.

Mashine zake ni kubwa, zinataka damu iliyozungushwa na kutenganishwa mapema, kemikali zilizohifadhiwa kwenye baridi, na umeme usiokatika. Umeme si jambo dogo katika historia ya tiba ya vilima hivi. Tenwek ilipata wa uhakika ilipoyawekea bwawa maporomoko ya mto Nyangores, mtambo ukaanza kazi mwaka 1987.

Wapo waliokata shauri kuiacha damu kabisa. Mwaka 2011 kikundi cha Peter von Dadelszen kilitengeneza fomula ya kukadiria hatari ya mama mwenye presha kwa kutumia vipimo vya maabara kama kreatini, chembe za kugandisha na vimeng'enya vya ini. Miaka mitatu baadaye wakatoa ndugu yake mdogo, miniPIERS, kwa ajili ya mahali pasipo na maabara, kutokana na wanawake zaidi ya 2,000 wa nchi tano, Uganda ikiwemo. Humo mnaulizwa umri wa mimba, presha, ukanda wa mkojo, maumivu ya kichwa, kutoka damu. Ni kazi yenye busara, na inaweza kutumiwa na mhudumu yeyote wa zahanati. Lakini pia ni kukiri kwamba kuna wanawake ambao damu yao haitasomwa. Tofauti hiyo ni ya barabara na bajeti. Hakuna kitu katika miili yao kinachoihalalisha.

Tiba nayo ina njia yake. Magnesiamu salfeti, chumvi ambayo wazee wa kizungu waliitumia kulainisha tumbo, ilikuwa ikitumika dhidi ya kifafa cha mimba tangu mwanzo wa karne ya 20, lakini wengi waliipuuza wakapendelea diazepamu. Mwaka 1995 jaribio kubwa lililohusisha wanawake 1,687, baadhi yao wa Uganda, lilimaliza ubishi: magnesiamu huzuia degedege lisirudi kuliko dawa nyingine. Aspirini ya dozi ndogo, ikianzwa kabla ya wiki ya 16 kwa mama aliye hatarini, hupunguza ugonjwa unaokuja mapema. Na mwaka 2024 yalitoka matokeo ya Dar es Salaam, ambako wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza walipewa kalsiamu, nusu yao miligramu 500 kwa siku na nusu 1,500. Dozi ndogo haikuzidiwa na kubwa katika kuzuia presha ya mimba. Mtu wa Kericho atauliza kuhusu mursik, maziwa yake ya kibuyu, yenye kalsiamu tele. Ni swali halali, ila jibu lake halikutafutwa Dar es Salaam.

Dawa hizo zote ni za bei nafuu. Kinachokosekana ni kujua mapema apewe nani. Kenya iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za serikali Juni 2013, mpango ukawa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 umeingia chini ya mamlaka mpya ya afya ya jamii. Wanawake wengi zaidi wanafika kujifungulia hospitali. Kufika ni hatua moja. Kufika wiki mbili kabla ya degedege ni nyingine.

Kazi iliyokaribia kujaza pengo hilo katika Kenya haikufanyika vilimani, ilifanyika Pwani. Mtandao wa PRECISE, kupitia Chuo Kikuu cha Aga Khan, uliwaandikisha wajawazito wa Rabai na Mariakani, kaunti ya Kilifi, sambamba na wenzao wa Gambia na Msumbiji. Damu, mkojo na vipande vya kondo viliwekwa kwenye majokofu pamoja na maelezo ya maisha ya kila mama: anakula nini, anapika kwa kuni au makaa, anatembea umbali gani kwenda kliniki. Safari hii mjamzito wa Afrika ndiye mwenye utafiti, na mwanamke asiye na ugonjwa amepimwa kwa makini sawa na mgonjwa, ili kawaida ijulikane kwa jina lake.

Hata hivyo Rabai iko karibu na bahari, na mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu yake. Urefu huo unaweza kuwa na maana. Huko Leadville, Colorado, mita 3,100 juu ya bahari, Lorna Moore na wenzake waliona presha ya mimba mara nyingi zaidi kuliko mabondeni, hewa ikiwa nyepesi na kondo likihangaika kupata oksijeni. Kericho haifikii Leadville, na Kiptere iko chini ya Kericho. Lakini kabla namba 38, au 40, au namba yoyote itakayotoka Kilifi, haijachapwa kwenye fomu za maabara za Sigowet, Litein na Longisa, inafaa ijaribiwe kwanza kwa wajawazito wenyewe wa vilima: mchuma chai anayesimama mchana kutwa, mke wa mkulima wa KTDA, na msichana wa mimba ya kwanza aliyeolewa Kiptere kutoka ng'ambo ya Sondu.